Chumba Namba 214

Kampuni mia nne na kumi na mbili
zinaishi ukutani nyuma ya kiti changu,
kila moja na kijumba chake cha mbao,
upana wa kiatu cha mtu mzima.
Kwenye kadi zao wameandika: ghorofa ya pili,
Barabara ya Pärnu, Tallinn,
kisha namba ya chumba.
Vyumba havipo. Nipo mimi,
na birika, na skana, na mashine ya kusaga karatasi,
na dirisha la kutazamia tramu
zikipasua theluji iliyokwisha kuwa tope.

Barua huingia saa nne.
Naipima. Naipiga picha ikiwa bado imefumba mdomo.
Picha naituma kwa mwenyewe, popote alipo:
Montevideo, Goa, Tbilisi;
mmoja simjui alipo, saa zake hubadilika kila wiki.
Naye huchagua neno moja kati ya matatu:
Fungua. Tuma. Teketeza.

Nimejua nani anadaiwa
kwa jinsi anavyokawia kuijibu bahasha ya kodi.
Nimejua nani kaachwa: siku hizi
barua za mawakili wa mkewe huja mbili mbili.
Sipaswi kujua. Mkataba wangu unasema mimi ni anwani,
na anwani haina macho.

Alhamisi moja ya Februari mlango uligongwa.
Hapa hapagongwi.
Alikuwa na kofia ya manyoya na mfuko wa plastiki,
Ülo Kaarepere, kutoka Jõgeva, kwa treni ya alfajiri.
Kasema anatafuta chumba namba 214.

Nilikuwa na sentensi ya kumjibu, imeandikwa,
imebandikwa pembeni ya meza:
Mhusika hayupo kwa sasa.
Badala yake nikasimama, nikamwonyesha kidole.
Rafu ya tatu, karibu na bomba la joto.

Akavua kofia.
Akainama, akachungulia ndani
kama mtu anayemtafuta paka.
"Wote wamo humu?"

Alinunua kwao jiko la chuma, mwezi wa Oktoba.
Wiki ya tatu bawaba ikakatika.
Mlango wa jiko sasa kaufunga kwa waya,
moshi unalala nao chumba kimoja,
na Aino, mkewe, anakohoa hadi majirani wanauliza.
Ameandika barua nne.
"Zilifika?"

Zilifika.
Nazikumbuka: mwandiko wa kuegemea kushoto,
stempu zimebandikwa kwa gundi ya ziada, asije mtu akazibandua.
Mara nne nilituma picha.
Mara nne nikajibiwa Teketeza.
Nilizisaga mimi, kwa mkono huu,
na mashine haikukwama hata mara moja.

"Zilifika," nikamwambia,
nikaishia hapo.

Akatoa bawaba mfukoni, imefungwa kwa gazeti,
akaitumbukiza 214.
Akataka risiti. Nikamwandikia:
Chuma, kipande kimoja, gramu mia sita na arobaini.
Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia,
akavaa kofia.

Orodha ya bei zetu haina bawaba.
Nikailaza juu ya kioo cha skana,
nikashusha kifuniko mpaka kilipokataa.
Mwanga ukapita chini yake, taratibu.
Picha ikatoka nyeusi, ukingo mweupe,
kama mfupa ambao daktari anauinua dirishani
kabla hajasema neno.
Nikaituma.

Siku tisa, kimya.
Nikadhani litakuja lile neno,
na nikaanza kuwaza chuma husagwa na nini.

Ya kumi, saa nane na dakika tano,
ikaja sentensi nzima. Ya kwanza kwa miaka mitatu.
Hii ni nini?

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikaandika:
Ni mlango wa Bwana Kaarepere. Haufungi.
Nikaongeza anwani yake, mtaa na namba ya nyumba,
nyumba yenye kizingiti, yenye watu,
halafu, bila kuombwa na mteja yeyote,
nikabonyeza Tuma.